Goti la Winga wa Kiholanzi

Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa asubuhi hunisimamisha popote ninapoikuta. Aliyekulia nchi ya mvua huenda asinielewe. Sisi wa Sib, pwani ya Omani, tulicheza mpira ufukweni, kwenye mchanga mgumu unaoachwa na maji yakipwa, na harufu tuliyoijua ilikuwa ya dagaa walioanikwa na mafuta ya mashine za boti. Kwa hiyo siku Mjomba Seif, kaka yake mama, aliponipeleka kwenye uwanja wa mazoezi, nikavua ndara na kukanyaga majani yaliyolowa, nilihisi nimeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Nilikuwa na miaka kumi. Ulikuwa ule msimu ambapo timu za Ulaya huikimbia baridi ya kwao na kuja Maskati kufanya mazoezi, na Mjomba alikuwa dereva wa basi la timu mojawapo.

Katika timu hiyo alikuwamo winga wa Kiholanzi. Jina lake sitalitaja. Yu hai, na goti ni lake. Nyumbani kwetu alikuwa kama jamaa aliyesafiri. Bibi, mamake Mjomba, hakujua sheria ya kuotea wala hakutaka kuelezwa, lakini winga huyo akipata mpira kwenye televisheni, shanga za tasbihi zilisimama vidoleni mwake. Nieleze kidogo kwa asiyeujua mpira: winga ni mtu anayeishi kando ya mstari wa chaki. Kazi yake ni kumsubiri beki, kumpa matumaini, kisha kumpita. Mjomba alizoea kusema kuwa Waholanzi humlea winga kama sisi tulivyolelewa chuoni kwa mwalimu wa Kurani na herufi: alifu kwanza, kisha be, hakuna kuruka. Yule alianza kulelewa hivyo angali mtoto wa mji mdogo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwaka huo ilisemwa kwamba ataitwa timu ya taifa. Mimi nami nilikuwa winga, wa kulia, kwa sababu wenzangu hawakupenda kukimbia upande wa bahari. Nilimwigiza mpaka namna yake ya kupandisha soksi.

Mazoezi yalipomalizika, Mjomba alimwita. Alikuja akitota jasho, mrefu kuliko nilivyodhani, akanipa mkono. Bibi alikuwepo, amejitanda buibui lake jeusi, na binamu yangu Hilali, aliyenizidi mwaka mmoja na kelele nyingi. Nikamtazama yule mtu kuanzia viatu kwenda juu, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Lo! Miguu hii! Duniani hakuna mfano wake!"

"Sema mashaallah," Bibi aliniambia.

Kwetu, sifa isiyo na neno hilo ni kama kisu kisicho na ala. Ukimsifu mtoto, gari, nywele za bi harusi au mkate uliovimba vizuri, utamtaja Muumba wake palepale, jicho lisije likadhuru. Nilijua hivyo tangu sijaota magego. Lakini Hilali alikuwa ananicheka, na mimi nikaona haya kusahihishwa kama kitoto mbele ya Mholanzi.

"We Zuwena, nnakwambia sema!"

Nilibana midomo. Winga alitabasamu, akanipapasa kichwani, akaondoka zake.

Kesho yake alasiri walicheza mechi ya kirafiki. Tulikaa karibu na mstari, upande wake. Alipokea mpira, akasimama, akampa beki matumaini kama kawaida yake, kisha akageuka. Hakuna aliyemgusa. Hilo nalisema kwa uhakika kwa sababu nilikuwa sipepesi macho. Mguu ulibaki ulipo na mwili ukazunguka. Nilisikia mlio mdogo mkavu, kama kijiti cha ufagio kinapokatika, kisha sauti ya mtu mzima akilia. Sikuwahi kabla ya siku ile kumsikia mwanamume akilia namna ile. Madaktari walikimbia, machela ikaja, na mimi mikono ilikuwa imekufa ganzi kwenye magoti yangu mwenyewe. Nilipogeuka, Bibi hakuwa akiangalia uwanjani. Alikuwa ananiangalia mimi.

Njiani Hilali alivumilia mpaka mzunguko wa pili wa barabara. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Wewe hukusikia, kavunjika mwenzio. Mjomba, mwambie asikutazame, tutaanguka na gari." Mjomba akamkemea, lakini nilimwona akicheka kwenye kioo. Sikulia. Nilikuwa nimepita mahali pa kulia. Nilikuwa nahesabu vitu nilivyovitazama siku ile: paka wa jirani, mdogo wangu mchanga, taa ya ukumbini.

Bibi hakunipiga wala hakunigombeza, na huenda ingekuwa afadhali. Asubuhi aliniita uani, akaweka beseni, akaniosha uso, mikono hadi kwenye viwiko, magoti na miguu, huku akisoma. Watu wetu wanaamini kwamba maji aliyokoga mwenye jicho, akimwagiwa aliyedhurika, huondoa dhara. Maji yale aliyatia kwenye chupa ya maji ya dukani, akaifunga kizibo, akanikabidhi. "Usiitikise," alisema. "Tunamrudishia mtu mguu wake." Nikaamini. Safari nzima nilishika chupa ile kwa mikono miwili.

Winga alikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, mguu umenyooshwa juu ya kiti na goti limefungwa barafu, akisubiri ndege ya kurudi kwao. Bibi alimpa halua na kahawa kama wanavyozuriwa wagonjwa, akamwombea, kisha akanisukuma mbele na chupa yangu. Mpango ulikuwa nimmiminie gotini kidogo kidogo. Lakini mgeni hakujua mpango. Aliniona mtoto nimesimama na chupa ya maji, na halua ilikuwa imemkaba. Akaipokea, akashukuru, akaifungua, akainywa mpaka nusu.

Maji ya miguu yangu! Mjomba alishika paji la uso. Mimi nilijua sasa kwamba nimemuua kabisa. Bibi peke yake ndiye aliyepata la kusema. "Haidhuru," alinong'ona. "Yakipitia ndani yatafika upesi zaidi."

Yule winga, macho yamemvimba, alizungumza na Mjomba kwa Kiingereza kwa muda mrefu, akiligusa goti. Bibi alipouliza anasemaje, Mjomba alijibu, "Anashukuru. Anasema Mungu akuzidishie umri." Tukaondoka.

Alipasuliwa kwao, akakaa nje karibu mwaka mzima. Timu ya taifa haikumwita tena. Aliporudi uwanjani kasi haikurudi naye. Walimhamishia nyuma, akawa beki, akicheza kwa akili dhidi ya mawinga vijana. Alicheza hivyo miaka mingi, kwa heshima, mpaka akastaafu. Bibi, hadi alipofariki, aliamini kwamba bila maji yake asingetembea. Mimi niliona upande mwingine: kila alipopitwa na kijana kwenye televisheni, nilitoka chumbani. Niliacha kucheza ufukweni. Ndugu zangu walipojifungua, nilikaa mlangoni nikiangalia mazulia, na nikisema mashaallah mara tatu kabla ya kuinua uso. Walisema Zuwena ana adabu sana. Haikuwa adabu, ilikuwa hofu.

Mwaka jana nilikwenda kumjulia hali Mjomba Seif, sasa mzee wa miguu mizito. Televisheni ilikuwa wazi, na aliyekuwa akichambua mpira alikuwa yule winga, mvi zimemjaa. Nikasema, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, "Mjomba, yule pale niliyemvunja."

"Umvunje wewe?" Mjomba alisema, akimenya chungwa. "Goti lile lilikuja bovu tangu kwao. Alinambia mwenyewe palepale hotelini. Wiki tatu akimeza vidonge kwa siri, kamficha kocha, kamficha daktari, anaogopa asiachwe na timu ya taifa. Alikuwa anajilaumu, maskini. Mficha maradhi kilio humfichua."

Nikamuuliza kwa nini hakutafsiri.

"Mamangu kaja na maji yake, kaja na halua yake. Nimwambie mbele ya mgeni kuwa kahangaika bure? Nlisema ntakwambia wewe garini. Garini ukalala."

"Na kesho yake?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, ganda la chungwa likining'inia. "Kesho yake nlisahau, mwanangu. Kwani wewe ulikuwa bado unakumbuka?"

Sikumkasirikia; alikuwa mtoto mwema kwa mamake, na hakujua kwamba ndani ya gari lake kulikuwa na mtoto mwingine anayejilaumu. Miaka yangu yote ile ilikuwa imekaa ndani ya sentensi mbili ambazo mtu alizisahau.

Siku hizi nafundisha michezo kwenye shule ya wasichana. Mambo yamebadilika: wana viatu vya mpira, wana majani ya bandia yasiyonukia kitu, na mwenye maumivu hupigwa picha ya goti kabla hajaulizwa jina la baba yake. Neno mashaallah bado tunalisema, nami nalipenda. Ni shukrani nzuri. Lakini zamani tulikuwa na dawa ya kila aliyeanguka, na sikumbuki kama tulikuwa na dawa ya aliyemtazama. Wiki iliyopita msichana mmoja alimsifu mwenzake kwa mbio zake, akapitiwa, asiseme lile neno, na baada ya dakika chache yule mwenye mbio akajikwaa, akaanguka vibaya. Wote waligeuka kumtazama aliyesifu. Alikuwa amesimama peke yake, mikono imekufa ganzi. Mwenzangu alikuwa ameshamfikia aliyeanguka, na ulikuwa mchubuko tu. Mimi nilivuka uwanja mbio kwenda kwa yule aliyesimama.