Choo Kisichojaa

Choo chetu kilikuwa hakijai.

Watu wanane wanakitumia, mwaka wa pili huo, na ukimulika tochi bado unaona maji chini. Hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, watu walikuja kukitazama. Choo kilitembelewa kama bwana harusi.

Ni enzi zile gesi imegunduliwa baharini, mji umefurika wasaka kazi. Mume wangu Bacar akajenga vyumba vya kupangisha mpaka uwanja ukaisha. Nafasi ya choo ikabaki moja tu, jirani na kisima.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akisema, anacheka.

Nikajifungua. Mama yangu, Zubeida, akaja kutoka Olumbi kunilea. Alinipikia uji, alimwogesha mtoto, na kiu ikimshika alichota kisimani akanywa. Akayasifu maji yetu, eti matamu kuliko ya kwao.

Kisha kipindupindu kikaingia. Wa kwanza mpangaji wetu, kijana aliyetokea Namoto.

Majirani wakasema wageni ndio wamekileta, waondoke. Wapangaji wakafungasha virago, wakaenda. Tukapumua.

Siku mbili baadaye mama akaanza kuharisha. Tulikaa naye nyumbani muda mrefu mno, tukidhani ni tumbo tu, maana wageni walishaondoka.

Alipofikishwa hospitali hata mshipa wa kutundikia dripu haukuonekana. Akafa adhuhuri.

Sikulia. Nilimnyonyesha mtoto, nikawa nasikiliza anavyomeza.

Baada ya maziko akaja muuguzi, dona Rosália, mtu wa kusini.

"Choo hiki cha lini?"

"Cha mwaka juzi, dona," Bacar akajibu. Hata siku ile alikuwa na fahari kidogo. "Hakijajaa hata mara moja."

"Mlipochimba, mlikuta maji?"

"Tulikuta. Ndiyo uzuri wake."

Muuguzi akatazama choo, akatazama kisima. Katikati ni hatua chache za mchanga mtupu.

"Kaka, hakijai kwa sababu kinahama. Maji ya choo na maji ya kisima, huku chini ni yale yale."

Nilikuwa nimekaa mkekani. Nilielewa neno kwa neno, na sikuhisi chochote. Niliangalia tu ndoo aliyokuwa akichotea mama.

Bacar akakaa chini. Nilidhani anamlilia mkwewe.

"Zuleica," akasema, "nyumba tatu mtaa huu nimezichimbia kama hiki. Wenyewe waliniomba."

Akainuka, akachukua koleo, akaenda kubisha hodi nyumba ya kwanza. Mimi nikabandika maji jikoni, nikasubiri yachemke.

Wewe unayesoma, usimtafute mchawi kwa wageni. Chimba choo mbali na kisima, na usichimbe mpaka ukute maji. Chemsha ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni. Mtu akianza kuharisha, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kama tulivyongoja sisi.

Na choo chako kikijaa, mshukuru Mungu.