Jiwe Lililopewa Jina la Mama

Mimi ni mwalimu wa fizikia karibu na Keumbu, na mtu asiwadanganye: jiwe lile la angani waliligundua wanafunzi wangu. Tulikuwa tukitumiwa picha za anga zilizopigwa kwa darubini za nchi za mbali, nne nne za sehemu moja, nasi kwenye kompyuta kuukuu ya shule tunatafuta nukta inayohama. Msichana wa kidato cha tatu akaiona. Wataalamu wakalifuatilia miaka kadhaa hadi wakaijua njia yake kulizunguka jua, kisha barua pepe ikaja: pendekezeni jina. Msichana sasa yuko chuo. Akaniambia, "Mwalimu, chagua wewe."

Nikachagua jina la mama yangu. Alikuwa na saratani ya koo, na kila Jumanne nilimwitia gari la kumpeleka hospitali mjini Kisii. Daktari alisema akivumilia matibabu, ana miaka bado. Nilitaka afurahi angali hai. Sifa za kaburini zina faida gani? Kanuni nilizisoma zote, hata ile ya kukataza majina ya mbwa na paka. Jina likapita, likachapishwa.

Sikumwambia. Mjinga mimi, nilimwachia mzee wa kanisa atangaze siku ya Sabato. Watu walipiga makofi, halafu wakageuka kumtazama mama. Jirani yake kwenye benchi akamshika mama mkono, vile wanavyoshikwa wafiwa. Ndipo nilipoelewa. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, ili marehemu asipotee. Jamani, si jambo geni hilo! Mimi mwenyewe nimebeba jina la babu aliyekufa kabla sijazaliwa. Lakini nilikuwa nikiwaza jiwe, sikuwaza kwamba ninalirithisha jina la mtu aliye hai.

Nyumbani aliniuliza, "Mwanangu, nani alikuambia nimekufa?"

"Mama, ni heshima tu."

"Heshima hiyo ungengoja nife."

Jumanne gari lilipofika, akakataa kuinuka. Alisema mtu ambaye jina lake limeshachukuliwa hatibiwi. Nilifoka. Ndiyo, nilimfokea mama yangu mgonjwa, nikamwita mshirikina, yeye aliyenilea kanisani. Aibu hiyo ninayo hadi leo. Dada yangu alinivuta mkono akanitoa nje.

Nikawaandikia wataalamu wale kuomba jina lifutwe. Jibu likaja, la adabu kabisa: jina likishachapishwa halibadilishwi. Nilimsomea mama polepole, nikilifasiri kwa Kigusii, nikitumaini atacheka kwamba wazungu nao wana vichwa vigumu.

"Hata kwetu halibadilishwi," akasema, akajifunika blanketi.

Jumanne iliyofuata sikuita gari.