Sahihi Yangu kwenye Ligi ya Wakubwa

Miaka ile nilikuwa fundi baiskeli pale Ihanda, na kibanda changu kilijulikana kwa vitu viwili: redio iliyokamata stesheni za mbali bila kukwaruza sana, na hasira zangu. Mteja aliyeleta gurudumu lililopinda kwa kubebeshwa mikungu minne ya ndizi, kisha akadai limepinda lenyewe, nilimrudishia baiskeli yake hivyo hivyo. Lakini jioni watu walikuja tu, wenye baiskeli na wasio nazo, kwa sababu ya habari za mpira. Klabu za Ulaya tulizijua kama mtu anavyoijua migomba ya jirani yake, ingawa wengi wetu hatukuwa tumewahi kuziona zikicheza hata mara moja.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya mvua zile kubwa zilizoharibu barabara, ndipo redio ikasema klabu kubwa za Ulaya zinafikiria kujitoa na kuunda ligi yao peke yao. Wakubwa watacheza na wakubwa msimu mzima, na hakuna atakayeshuka daraja hata akifungwa kila wiki. Mtangazaji aliisoma habari hiyo haraka haraka, akaendelea na mengine. Sisi hatukuendelea. Wiki mbili nzima kibandani kwangu hapakuzungumzwa jambo lingine.

Shemeji yangu alikuwa upande wa wakubwa. Huyu ni mume wa dada yangu, mtu wa Muleba aliyekuja kwetu kununua kahawa akaishia kuoa na kujenga. Alikuwa mwenyekiti wa timu yetu ya Ihanda, na popote alipokaa alizungumza kama aliyefungua mkutano. Alisema mtu aliyetafuta jina kwa jasho lake hana sababu ya kwenda kuchafua viatu kwa mtu asiye na hata uwanja wa maana. Niliwaka. Nilimwambia jina lenyewe wamelipata kwa kuwafunga hao hao wadogo, na sasa wameshiba wanataka kuwafukuza mezani. Akacheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa wakili wa wanyonge wa Ulaya. Nikaitupa spana chini, ikaruka ikampiga mzee mmoja kwenye kiatu, ikabidi niombe radhi mbele za watu. Hilo nalo likazidi kuniudhi.

Siku hiyo alikuwepo kocha wa timu ya Songambele. Wilaya ilikuwa bado moja, Kyerwa haijawa wilaya peke yake, lakini kutoka kwao hadi kwetu ilikuwa safari ya kutwa nzima kwa baiskeli. Alikuwa mkulima wa makamo, mtaratibu. Yeye alizaliwa huku huku. Wazazi wake ndio walitoka Rwanda, zamani sana. Alikuja karibu kila mwezi kutafuta vipuri, akalala kwangu, nami timu yetu ilipokwenda kwao nililala kwake. Watoto wake waliniita baba mdogo. Jioni ile alikaa juu ya kreti akisafisha mnyororo wake, akatuacha tugombane hadi tukachoka. Kisha akauliza swali moja tu: hao watakaobaki nje, Jumamosi watacheza na nani? Shemeji akajibu kwamba watacheza wenyewe kwa wenyewe. Kocha akasema, "Aaa," akarudi kwenye mnyororo.

Tulipokuwa tunakula ndipo aliponieleza kilichokuwa moyoni mwake. Tangu vita vya kwa jirani na kujaa kwa kambi za wakimbizi, watu wa kwao walikuwa wakisimamishwa njiani na kuulizwa asili yao, hata wale waliozaliwa hapa na kubatizwa hapa. Vijana wake walikuwa wamechoka kujieleza.

"Tukija mjini Kayanga na jezi, fundi, hakuna anayetuuliza tumetoka wapi," alisema. "Wanatuuliza tumefungwa ngapi."

Alicheka aliposema hivyo, nami nikacheka. Lakini nilimwelewa vizuri, na nataka ijulikane kwamba nilimwelewa.

Ligi yetu tuliianzisha wenyewe, timu saba, bila ofisi wala mhuri. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kubadilisha jambo lolote kubwa kulihitaji timu nne zikubali, na kila timu ilikubali kwa sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya katibu. Mimi nilikuwa katibu wa Ihanda, si kwa busara, bali kwa mwandiko mzuri. Barua za mechi za timu zote saba niliziandika mimi.

Asubuhi moja shemeji akaja kibandani kabla sijafungua vizuri, mkononi ana karatasi. Timu tatu, ile ya mjini, ile ya watumishi na ile ya wakoboa kahawa, zilikuwa zimekubaliana kuunda ligi yao ya timu nne. Walisema barabara ni mbaya, lori halipatikani, na hakuna faida ya kwenda kucheza mwisho wa dunia. Nafasi ya nne waliiweka kwa ajili yetu. Walichotaka ni sahihi zetu kwenye mkutano wa timu zote saba, ili mambo yaende kwa kanuni.

"Tukikataa wataondoka hata hivyo," shemeji alisema, "na sisi tutabaki na Songambele."

Alilitamka jina hilo kama mtu anayetaja homa. Nilipaswa kumfukuza. Badala yake niliishika ile karatasi nikaisoma. Ilikuwa imeandikwa majina manne, na jina letu lilikuwa pale, mstari mmoja chini ya timu ya mjini. Hatukuwahi kuhesabiwa na hao. Kila mwaka walituita watu wa migombani, wakatufunga, wakapanda gari lao. Nilipenda kuliona jina letu pale. Sijitetei: nilipenda. Shemeji alinitazama usoni akaona, akanikumbusha kwa utani jinsi nilivyokuwa nikipiga kelele juu ya Ulaya. Nilimjibu kwamba Ulaya ni Ulaya na hapa ni hapa. Hadi leo sijui nilikuwa na maana gani.

Kocha alifika siku moja kabla ya mkutano. Alikuwa amesikia, maana habari kama hizo hupanda baiskeli kabla ya watu, lakini hakuniuliza nitafanya nini. Alisalimia, akala, akalala. Mimi sikulala vizuri. Nilijiambia nitaamua nikifika huko, na huku nikijua kwamba mtu anayesema hivyo amekwisha kuamua.

Asubuhi mke wangu akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote kwetu. Kutafuna kahawa na mgeni ni adabu ya kawaida tu. Lakini tunda la kahawa lina punje mbili, na mtu akilipasua, akala punje moja na kukupa ya pili, hiyo si adabu tena. Wazee walifanya hivyo walipofanya udugu, na walichanjana damu. Sisi wa siku hizi tuliacha damu, punje tukabaki nazo, na hata mtu asiyekosa ibada Jumapili hafanyi mzaha nazo. Ukiipokea punje ile huwezi kusimama kinyume cha aliyekupa.

Kocha alichagua tunda moja, akalipasua kwa kucha, akatia punje moja mdomoni. Ya pili akaninyooshea kiganjani.

"Twende kwenye mkutano tukiwa wamoja, fundi."

Kama ningekuwa mwanamume ningeipokea, au ningemwambia ukweli palepale. Nilishika shavu.

"Jino linaniuma," nilisema. "Siwezi kutafuna."

Akanipa pole. Punje ile akaiviringisha kwenye kipande cha karatasi na kuitia mfukoni mwa shati, akasema nitaila likitulia. Mke wangu alisimama mlangoni na kikapu chake, akinitazama. Alijua meno yangu yote yalikuwa mazima.

Tuliendesha hadi Kayanga bila maneno mengi, maana mtu mwenye jino hasemeshwi. Karibu na maduka ya Bugene akaniambia nitangulie, ana jambo dogo. Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, wanaume kumi na wanne wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Kocha alifika wa mwisho. Akapita kwenye dawati langu kabla ya kukaa, akanitilia mkononi karafuu mbili alizokwenda kunitafutia dukani, na kuninong'oneza nizibane kwenye jino. Shemeji alikuwa pembeni yangu, anatazama. Nikazitia mdomoni. Ningefanya nini?

Maneno yalianza kwa upole kisha yakachacha. Mwenyekiti wa timu ya mjini alieleza juu ya barabara na lori. Mtu wa timu nyingine ya mbali alisimama akasema mbona mwaka jana mlikuja mkala mbuzi wetu na barabara ilikuwa ile ile, akaambiwa akae. Akagoma kukaa. Wawili wakashikana mashati ikabidi waachanishwe. Kisha kocha akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akapewa nafasi.

Hakulaumu mtu. Alisema kama shida ni barabara, wao wameisuluhisha. "Tutakuja sisi kwa baiskeli zetu. Mechi zote tutacheza kwenu, hata za nyumbani."

Sijawahi kusikia timu ikiacha nyumbani kwake namna ile, na naamini hata wa mjini waliona haya, kwa sababu mwenyekiti wao alikohoa mara mbili kabla ya kusema kwamba suala si hilo tu. Hakusema ni lipi. Hakuna aliyemwuliza, na mimi niliyekuwa nikiuliza Ulaya nzima maswali kutoka kibandani kwangu sikufungua mdomo.

Karatasi ikazunguka. Timu tatu zikatia sahihi, ikaja kwetu. Shemeji akaandika yake upesi, akaisukuma mbele yangu na kuniwekea kalamu juu yake. Karafuu zilikuwa zimeufanya ulimi ganzi. Niliinua macho nikamwona kocha ananitazama, si machoni. Ananitazama shavuni, kuona kama limetulia.

Nikatia sahihi. Ilikuwa sahihi nzuri, yenye mkia, kama zote.

Kisha wakanipa kazi ya kuziandikia barua timu tatu zilizobaki nje, kwa kuwa mwandiko wangu ndio huo. Nikaziandika palepale: kutokana na umbali na hali ya barabara, ligi imeona vyema. Ya Songambele nilimpelekea kocha nje, alikokuwa akipuliza tairi. Aliisoma hadi mwisho akiwa amesimama.

"Nitawasomea," alisema. "Mwandiko wako wanaujua."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari kabisa, ningeweza hata kupigana naye, hasira ndiyo kitu pekee ninachokijua. Alikunja barua kwa utaratibu, akapanda baiskeli, akaondoka. Jua lilikuwa limeshapinda na safari ni ya kutwa, lakini hakupita kwangu kulala.

Ligi ya wakubwa tuliicheza. Msimu wa kwanza nilitamba sana kibandani. Timu nne zikikutana tena na tena huzoeana kama watu wa nyumba moja, na kufikia mzunguko wa tatu watazamaji walikuwa wamepungua hadi ukawajua kwa sauti. Redio nayo ikaja kusema zile klabu za Ulaya zimeghairi, zitabaki kwanza. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini: tuliwazidi Wazungu mbio, alisema. Nilimwambia atoke kibandani kwangu.

Mwaka uliofuata nilikwenda Songambele. Nilijidai natafuta fremu kuukuu ya baiskeli, ingawa fremu zilikuwa zimejaa kwetu. Nilikuta vijana uwanjani wamejigawa pande mbili, upande mmoja umevaa jezi na mwingine vifua wazi. Kocha alikuwa nyumbani anageuza kahawa kwenye mkeka. Binti yake mkubwa akanikimbilia, akaanza, "Shikamoo baba mdogo," na kabla sijaitikia, baba yake akasema bila kuinua sauti wala kuacha kazi:

"Mletee mgeni kiti."

Msichana alituangalia wote wawili, kisha akaenda. Katika nyumba ile nilikuwa nimelala mara nyingi kuliko kwa dada yangu mwenyewe, na siku zote nilikaa popote nilipopenda. Kiti kikaletwa, kikafutwa vumbi, kikawekwa mbali kidogo na mkeka. Nikakaa.