Kondoo wa Mahari Yangu

Mimi kondoo sijawahi kumpenda. Ananuka akiwa mkavu, na akilowa ndio balaa kabisa. Kwa hivyo watu wa mchumba wangu walipomleta yule jike, wa kwanza katika mahari yangu, nilimtupia jicho moja nikaingia jikoni. Kwetu, juu ya Kianjokoma, kondoo huyo sharti azae katika boma la msichana. Akifa kabla, au akizaa mfu, wazee hukaa chini upya na harusi inangoja. Yangu ilikuwa imebakisha wiki tatu.

Jumamosi moja nilifika nyumbani kutoka Embu, nilikokuwa karani, kucha nimezipaka rangi nyekundu. Nikamkuta mama amepiga magoti zizini. Kichwa cha mwanakondoo kilikuwa kimetoka nje, miguu haionekani, na ulimi umevimba ukawa wa buluu. Baba alisimama nje ya ua ametupa mgongo, anakagua majani chai yake, maana mwanamume hatazami kondoo wa wakwe akizaa. Hilo halikumzuia kutoa amri.

"Mvuteni kichwa," akasema.

"Mzee, chunga majani yako," mama akamjibu.

Kisha akaitazama mikono yangu. Yake ilikuwa imekakamaa viungo kwa baridi yabisi.

"Kata hizo kucha. Kondoo ni wako."

Nilizikata kwa wembe, moyo ukiniuma, nikajipaka sabuni hadi kiwikoni. Mama akaniagiza nikirudishe kichwa ndani, polepole, halafu nitafute miguu. Ndani kulikuwa moto na utelezi. Kondoo akaninyea mkononi. Nikatapika pembeni bila kuutoa mkono. Nilipata kwato moja, kisha ya pili, nikazivuta kila aliposukuma, mpaka mwana akaporomoka mapajani mwangu na maji ya manjano yenye uvundo. Sketi yangu ya kazini ikaishia hapo.

Hakupumua. Pua ilikuwa imeziba kwa kamasi nzito.

"Mfyonze," mama akasema.

"Nani?"

"Wewe. Mimi nimemshika mama yake. Ama unataka harusi mwakani?"

Nikafumba macho, nikaweka mdomo. Chumvi, damu, manyoya. Nikatema, nikafyonza tena. Mara ya tatu akapiga chafya usoni mwangu, akaanza kutetemeka na kulia.

Mama alimsogeza kwa mama yake alambwe. Mimi nilikuwa bado natema, napangusa ulimi kwa leso, nalaani mila, wakwe, na kondoo wote wa Embu hadi Meru. Niliapa hata huyo bwana sitamkaribia.

"Tema tu," mama akasema, bila kunitazama. "Wewe ulitoka hivyo hivyo, umenyamaza, pua imeziba, na hospitali ni mbali. Mimi sikupata nafasi ya kutema."

Mate yaliyokuwa mdomoni nikayameza.