Jembe la kale lina alama ya bibi yangu

Jamani, leo kichwa changu hakielewi kitu.

Mnajua nina kibarua cha kuchimba na wale watafiti wa mambo ya kale, huku Bungu.

Leo nimefukua jembe la chuma, kutu tupu. Limechongwa mistari mitatu na duara.

Mtaalamu wetu nusura aruke! Anasema ni la karne nyingi, na hayo huenda ni maandishi ya dua.

Nikapiga picha, jioni nikamwonyesha bibi.

Hakushangaa hata kidogo. Kaingia ndani, katoka na jembe lake la shamba.

Mistari mitatu. Na duara. 😳

"Hiyo alama yetu, mjukuu wangu. Majembe huazimwa msibani kuchimba kaburi. Bila alama utalijuaje lako?"

Nikacheka. "Basi hili walisahau kulirudisha."

Yeye hakucheka.

"Jembe la msibani lazima lirudi nyumbani. Likiachwa kaburini, ujue aliyezikwa ndiye mwenye jembe."

Na mtaalamu kasema kesho tushuke chini zaidi, palepale.

Wenzangu, niambieni: asubuhi nabeba koleo au nabeba ubani?