Dirii Aliyoitoa Tuyisenge

Zamani mtu akinyang'anywa ng'ombe, rafiki yake alifika mlangoni kwake na kamba mkononi na mtamba nyuma yake. Siku hizi wanamtumia kwenye simu kisura cha manjano kinacholia machozi.

Sisi watu wa bonde la Ruzizi, pamoja na wafugaji wa nyanda za juu, tuliita jambo hilo gushumbusha. Halikuwa mkopo, wala hakuna aliyeliandika popote. Mwenzako amepoteza, wewe unaye, basi unampa mmoja ili asiamke asubuhi akute zizi limenyamaza.

Mwaka 1997, vita vya kwanza vilipotulia kidogo, nilikuwa Katogota na zizi la namna hiyo. Ng'ombe wangu wanne waliondoka mchana kweupe, na waliowachukua waliniomba maji ya kunywa kwanza. Watu wengi walikuja kunipa pole, wakakaa, wakala. Mmoja tu alikuja na ng'ombe: Rwabuhihi, mfugaji wa juu, aliyekuwa akiniuzia siagi tangu tukiwa vijana. Alishuka mlima siku mbili na mtamba mwekundu, katika miezi ambayo mtu wa kwao kuonekana bondeni ilikuwa ni kujitafutia kifo. Bia yangu aliikataa kwa sababu ya kanisa lake. Alikunywa maji, akanionyesha mahali mtamba alipopenda kukunwa, akarudi kwao.

Ninayetaka kumweleza ni mwanawe wa mwisho, Tuyisenge.

Alifika kwangu mtaa wa Rugenge, mjini Uvira nilikohamia, mwaka 2019, ana miaka ishirini na miwili, na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Kijiji chao kilikuwa kimechomwa na ng'ombe wote wamekwenda. Rwabuhihi alikufa njiani wakikimbilia Minembwe. Wengine walisema ni homa. Tuyisenge alisema baba yake alikuwa mzima mpaka alipogeuka nyuma na kutazama zizi. Mama yake, Nyirahabimana, na dada yake Uwituze walibaki Minembwe, ndani ya ukumbi wa kanisa, pamoja na familia nyingine nyingi.

Nilipaswa kumpa ng'ombe. Sikuwa naye. Uzao wa yule mtamba mwekundu niliuuza wote, na wa mwisho ndiye aliyegeuka mabati ya nyumba yangu ya mjini. Kwa hiyo kijana alilala chini ya ng'ombe wa baba yake, na kila mvua iliponyesha juu yetu nilishindwa kumtazama.

Alipata kazi mtaa wa Kimanga kwa mtu anayeitwa Protais, mwenye duka la fotokopi na kompyuta nne zinazokula umeme wa jua. Tuyisenge alichaji simu za watu, akatoa fotokopi za vitambulisho, na wateja walipopungua alicheza. Nasema alicheza kwa sababu sina neno lingine. Ni mchezo ambao watu wa nchi nyingi wanaingia kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na askari wake ndani ya kioo. Wanaua wanyama wakali, wanaokota sarafu za dhahabu, na kwa dhahabu hiyo wananunua panga, ngao na mavazi ya vita. Mimi niliyejifunza kusoma kwa katekisimu na magazeti ya kufungia sukari, nilikwenda huko siku moja nikiwa na hasira tayari mdomoni.

Nilimkuta amekaa kama wachungaji wanavyokaa kilimani, mguu mmoja ameukunja juu ya kiti, macho yametulia. Askari wake alizunguka kilima kilekile akiua mbwa-mwitu walewale.

"Weye, mutoto wa Rwabuhihi," nikamwambia, "njo kazi iliyokuleta Uvira?"

"Papa, minachunga."

"Unachunga nini? Minye sioni hata mukia."

Protais akacheka. "Mutama, usimutukane. Huyu njo tajiri wa Kimanga yote. Muulize dhahabu yake iko ngapi."

"Iko," akasema Tuyisenge.

"Iko ngapi?"

"Iko tu, patron."

Protais alidhani ni maringo. Mimi nilielewa. Mfugaji hahesabu kundi lake mbele ya watu. Nikavuta benchi, nikakaa, na hasira ikanipotea pale, jambo ambalo sikulitarajia.

Tangu siku hiyo nilikuwa napita. Polepole nikajua alichokuwa akitafuta. Miezi mingi nyuma mnyama mmoja mkubwa alikuwa amemwangushia dirii, vazi la chuma la vita, la aina ambayo wachezaji wengi hawajapata kuiona. Wao waliliita armire. Vazi kama hilo unalipeleka kwa mhunzi wa mchezo pamoja na dhahabu na mawe fulani, naye analipandisha ngazi, mpaka ngazi ya tisa. Lakini kuanzia ya sita, mhunzi akishindwa, vazi linavunjika na hupati kitu. Rémy, mwalimu wa sekondari aliyekuja kucheza baada ya masomo, alivunja mavazi matatu mwezi mmoja na kila mara akatukana kwa Kifaransa safi. Vijana wengine walikuwa vilevile: wakipata kidogo, wanakimbilia kwa mhunzi. Tuyisenge alikusanya mawe wiki nne, tano, ndipo anapanda ngazi moja. Baba yake alikuwa anasubiri hivyohivyo ng'ombe apone mguu.

Mle ndani alikuwa na mwenzake mmoja, mtu wa nchi fulani ya Waarabu, aliyeandika Kifaransa na kujiita kwa jina la mwewe. Nami nitamwita Mwewe. Walizunguka kilima pamoja miezi minane. Rezo ya Uvira, mtandao wa simu, inakatika unavyojua, na ikikatika askari wa Tuyisenge alibaki amesimama kama mjinga kati ya mbwa-mwitu. Mwewe hakumwacha. Alisimama juu yake akipigana mpaka rezo irudi, siku nyingine saa nzima. Tuyisenge alinieleza hilo zaidi ya mara moja.

Protais ndiye aliyepata mnunuzi. Tajiri mmoja wa mbali, ambaye hakuwa na subira ya kuchunga, alitaka dirii hiyo ikiwa ngazi ya tisa, na alikuwa tayari kulipa kwa dola za kweli. Malipo hayo yangetosha kumtoa Nyirahabimana Minembwe kwa ndege ndogo hadi Bukavu, kisha kwa gari hadi kwetu. Kwa miguu hangeweza. Mguu wake ulikuwa umevimba tangu siku ya kukimbia, na kule ukumbini hapakuwa na daktari wala dawa, mvua na baridi tu.

Siku ya ngazi ya tisa ilikuwa Alhamisi. Mke wangu Capitoline alikuwa amenituma na sahani ya ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Watu walisimama nyuma ya kiti chake kama kwenye penalti. Rémy akafumba macho. Tuyisenge akasali kwa Kinyarwanda, maneno machache, akabonyeza. Nyundo ya mhunzi ikapiga mara tatu, kisha dirii ikawaka rangi ya asali na haikuvunjika. Protais alimbusu kiparani mteja mmoja aliyekuwa akisubiri fotokopi.

Hapohapo Tuyisenge akampigia mama yake na kuweka sauti nje ili tusikie.

"Mama, funga mizigo."

"Mizigo gani?" akajibu yule mama. "Iko blanketi moja tu, na Uwituze naye anaivuta." Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha msichana. Ni mara yangu moja tu ya kumsikia.

Mnunuzi alisema ataingia Jumamosi.

Ijumaa mchana Mwewe aliandika kwa wenzake wote. Mtu alikuwa ameiba neno lake la siri, akaingia, akamvua kila kitu: upanga, ngao, dhahabu ya miaka minne. Askari wake alisimama kilimani na nguo za ndani. Aliandika kwamba anaacha, na kwamba anawashukuru. Wakamjibu thelathini au arobaini, kila mmoja na kisura chake cha manjano.

Tuyisenge alisoma yote. Kisha akamtembeza askari wake mpaka pale alipokuwa Mwewe, akampa dirii.

Niliitwa na Protais mwenyewe, alikuja mpaka Rugenge kwa pikipiki.

"Mutama, kuya uone. Mutoto wako amepata kichaa."

Nilikuta Tuyisenge akifagia vipande vya karatasi, mtulivu kabisa.

"Umefanya nini?" nikamwuliza.

"Amenyang'anywa, Papa. Minye nilikuwa nayo."

"Ulikuwa nayo!" Protais akapiga meza. "Na mama yako? Mama yako iko na nini? Ule muntu haumujui hata sura! Pengine iko mwanamuke! Pengine iko mutoto wa miaka kumi na mbili anayelamba bonbon!"

"Tumechunga naye myezi munane."

"Mumechunga picha!"

"Wakati rezo ilikatika, aliniacha?"

Protais akanigeukia mimi. Nami, aibu yangu ni hii, nikasimama upande wake. Nikamwambia kijana kwamba desturi ni ya watu wanaojuana, ya milango na majina ya baba, na kwamba baba yake hangefanya vile. Aliposikia hayo akaacha kufagia. Alikuwa na haki ya kunijibu, kwa sababu mwaka 1997 alikuwa mtoto wa maziwa kule juu wakati baba yake anashuka na mtamba, na tangu walipopoteza wao hakuna hata mtu mmoja wa bonde aliyepanda na kamba. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza kupanda, kama kungekuwa na haki.

Mwewe alimwandikia: asante ndugu, unataka bei gani? Tuyisenge akaona haya kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Akajibu, hakuna bei. Wiki moja baadaye Rémy ndiye aliyeiona dirii kwenye mwili wa yule tajiri. Mwewe alikuwa amemwuzia, na hakuingia tena kilimani.

Nilikwenda nikitarajia kumkuta amevunjika. Alikuwa amekunja mguu juu ya kiti, anaua mbwa-mwitu.

"Umeona?" nikamwambia. "Ameiuza."

"Ilikuwa yake, Papa. Ng'ombe ukishamupa muntu, iko yake. Anaweza kukamua, anaweza kuuzisha, anaweza kuezeka nayo."

Alisema hivyo bila kunitazama, na hadi leo sijui kama alikusudia. Hakuwa kijana wa kusema maneno mawili kwa mdomo mmoja. Nilitoka nje nikatembea mpaka ziwani, nikakaa juu ya jiwe kati ya wanawake wanaofua, mpaka wakaanza kuniangalia.

Alianza upya. Alikuwa na ngao nzuri ya kuanzia, na subira ilikuwapo. Kilichokosekana ni muda. Juu kule mapigano yakarudi, ndege ndogo zikaacha kutua wiki hii, kisha wiki nyingine. Hata angekuwa na pesa ya kiti asingepata ndege. Kisha Uwituze akapiga simu kusema kwamba mama hasimami tena, mguu umekuwa mweusi, na anaita majina ya ng'ombe mmoja baada ya mwingine kama wako mlangoni.

Tuyisenge alisema atapanda kwa miguu. Nilimwambia kwamba kwa sura yake ya watu wa juu atasimamishwa kwenye kizuizi cha kwanza. Capitoline alilia. Protais, ambaye hakuwa amesema naye vizuri tangu Ijumaa ile, alimletea viatu vyake mwenyewe vya mpira na sindano za dawa alizopata kwa mfamasia, zimefungwa ndani ya karatasi ya fotokopi.

Nyirahabimana alifariki siku ya tisa tangu mwanawe atoke kwetu. Uwituze alituma ujumbe kwamba wamemzika karibu na ukumbi, na chini yake akauliza: Tuyisenge yuko wapi? Simu ya kijana haijawahi kuita tena. Nimeuliza wachuuzi, nimeuliza mapadri, nimeuliza askari, na huu ni mwaka wa nne. Kila mmoja ananipa pole. Pole ni kitu rahisi sana, ndiyo maana haijaisha duniani.

Siku aliyotoka kwetu nilimsindikiza mpaka pale njia inapoacha nyumba za mwisho na kuanza kupanda kando ya mto Mulongwe. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Alikuwa amepata wachuuzi wawili wa chumvi wanaopanda, akakubali kuwabebea mzigo mmoja ili aonekane wa kwao. Kofia aliishusha mpaka kwenye nyusi. Nilitaka kumwomba radhi, nikajikuta namwambia afunge vizuri kamba za mzigo. Akasema, "Ndiyo, Papa," akazifunga, ingawa zilikuwa zimefungwa. Wakaanza kupanda, yeye wa tatu. Kwenye kona ya kwanza mchuuzi wa mbele aligeuka akamwuliza kitu, naye akajibu, maji ya mto yakanizuia kusikia, na wote watatu wakaendelea.