Kofia Buluu Kisimani

Nimeuza bia kwa miaka kumi na moja, na ninazozijua vizuri ni za bei ya chini, kwa sababu ndizo ninazoweza kujinunulia. Sitazitaja kwa majina yaliyoandikwa kwenye karatasi zake. Wenye viwanda wana mawakili, mimi nina leso tatu na kitanda. Nitazitaja kwa majina niliyozipa mwenyewe nyuma ya kaunta pale Msambweni, na wateja wangu wameyazoea.

Niipendayo kuliko zote ni Shingo Fupi. Chupa yake ni nene, ya kahawia, na bia yenyewe ina uchungu wa haki. Ukiimaliza unajua kuna kitu ulikuwa unafanya. Inayofuata ni ile ya pipa, inayomiminwa kwenye kikombe cha plastiki. Hiyo hutegemea pipa limefunguliwa lini, na mwenye baa akikuambia limefunguliwa leo, muulize leo ya lini. Kisha kuna mnazi, ambao si bia, lakini mgema wetu atanuna nikiuacha nje. Mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni una ukali, na wa jana mpelekee mtu anayetengeneza achari.

Na nisiyoipenda, bali niichukiayo hasa, ni Kofia Buluu. Nimeiita hivyo kwa ajili ya kizibo chake. Ina ladha ya maji yaliyopita karibu na shayiri bila kusalimiana nayo. Povu lake hutoweka kabla mteja hajaketi. Nimewahi kumwona mlevi wa miaka mingi akinywa chupa nne za Kofia Buluu, akainuka, akaenda moja kwa moja kuripoti kazini.

Halafu kuna suala la moto na baridi. Wakata miwa wa Ramisi, wengi wao watu wa bara kama mimi, hufika baa wakiwa na masizi ya miwa iliyochomwa hadi kwenye nyusi, jasho linawatiririka, wakakaa chini ya feni na kusema, "Madam, leta moja moto." Kwetu bia hunywewa moto, na mtu akikuuliza sababu unamwambia ni kulinda kifua. Nilipofika Pwani nami niliinywa hivyo, mpaka mwezi wa tatu mmoja hotelini Diani, nilikoanzia kazi, mpishi aliponipa Shingo Fupi iliyotoka kwenye barafu. Niliinywa nimesimama mlangoni mwa stoo, nikakaribia kulia kwa miaka niliyokuwa nimeipoteza.

Hoteli ilipopunguza watu nami nikapunguzwa. Nikapata kazi ya baa Msambweni na chumba Munje, na chumba hicho hakikuwa na friji. Ndiko matatizo yalikoanzia.

Mwenye nyumba wangu ni mjane, mtu wa makamo yaliyokwisha kupita, mzaliwa wa Mkwiro, binti wa mvuvi. Namwita bi mkubwa. Siku niliyokwenda kuomba chumba aliniuliza nafanya kazi gani.

"Nauza vinywaji, bi mkubwa."

"Vinywaji vya namna gani?"

"Vya kila namna."

"Kazi ni kazi, mwanangu. Lakini uani kwangu pombe isiingie."

Hilo ndilo sharti pekee alilonipa. Majirani walimwambia wazi kwamba anafuga balaa, mwanamke wa bara, wa baa, na hana mume. Aliwajibu kwamba mimi ni mwanawe na akafunga mlango. Mwezi wa Ramadhani aliniwekea sahani yangu ya muhogo wa nazi kila jioni, mimi niliyekuwa nimekula chapati tatu mchana. Alikuwa akiniambia, "Futuru, mwanangu," nami nafuturu.

Sasa sikilizeni nilivyomlipa. Sharti lilisema pombe isiingie uani. Mimi nikakaa kitandani nikafikiri kama wakili wa kiwanda, nikaona kwamba kisima hakiko uani. Kisima kiko chini ya ua. Basi kila Jumatano jioni, siku ninayotoka kazini mapema, nilitia chupa tatu nne kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu, nikaufunga kwa mshipi wa kuvulia, nikauteremsha majini na kufunga mshipi kwenye msumari uliokuwa ndani ya ukingo, pale jicho lisipofika. Alhamisi mchana nilizivuta zikiwa baridi ya kuumiza meno. Nilizinywa chumbani, dirisha nimelifunga, naona aibu na raha kwa pamoja. Nilifanya hivyo miezi minane.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonitatiza. Mimi hufunga fundo la kufungia ndama, ndilo nililofundishwa kwetu. Lakini mara nyingi Alhamisi nilikuta fundo jingine, dogo, zuri, lisilofunguka kirahisi. Nilidhani ni pombe ya wiki iliyopita, nikajiambia nipunguze.

Wiki ya balaa, kulikuwa na Maulidi katika madrasa iliyo jirani nasi. Pilau ilipikiwa uani kwetu, kwa kuwa kisima chetu ni kikubwa na maji yake hayana chumvi nyingi. Niliambiwa siku, nikaisahau. Jumatano ile watu wa matangazo walikuwa wamepita baa na gari lenye muziki, wakatupa fulana na chupa nne nne za Kofia Buluu. Za bure hazikataliwi. Nikaziteremsha kisimani. Ndiyo kusema nilikaribia kufukuzwa kwa ajili ya bia nisiyoipenda. Ingekuwa Shingo Fupi, angalau ningejitetea.

Alhamisi asubuhi nilizinduliwa na sauti za wanawake, sufuria, na watoto wakikimbizana na kuku. Kisha nikasikia ndoo ikigonga kitu na kioo kikivunjika. Nilichungulia dirishani. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika ndoo, na ndani ya ndoo ilikuwamo shingo ya chupa, kizibo chake cha buluu bado kimekaza.

"Bia!" akasema. "Kisimani!"

Niliviona virago vyangu vikiwa barabarani. Lakini kilichonitisha zaidi ni uso wa bi mkubwa. Alisimama kando ya mafiga, mwiko mkononi, na majirani wote waliowahi kumwonya wakamgeukia yeye, si dirisha langu.

"Ni tumbili," akasema.

Watu wakatazamana.

"Tumbili hao," akasema tena, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala. "Kule mahotelini huiba bia za wageni. Watu wote wanajua."

Waliojua walijua kutoka kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwahadithia. Miaka sita sikuwahi kumsikia bi mkubwa akisema uongo, hata kwa muuza nazi.

Akaitwa maalimu wa madrasa, kijana mpole mwenye miwani. Alisimama ukingoni akatazama chini muda mrefu. Akaeleza kwamba maji yale ni mengi, na maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, au harufu, au ladha. Ndoo safi ikavutwa. Rangi ilikuwa ile ile. Kwenye harufu, muuza samaki wa mtaa, aliyekuwa amekuja kuleta vibua na akabaki kwa ajili ya habari, alijitolea kunusa. Akasema maji yananuka samaki. Mkewe akamwambia aiondoe mikono yake puani.

"Ladha, sasa," akasema maalimu. "Nani anaijua ladha ya bia?"

Nimewahi kuona baa ikinyamaza askari wanapoingia, lakini si hivyo. Wanaume kumi na wawili walitazama vidole vyao vya miguu. Mmoja alianza kurekebisha kanzu ambayo haikuwa na kasoro.

"Lakini hiyo ya kizibo cha buluu," akasema muuza samaki, "haina ladha yoyote. Hata ingemwagwa kreti nzima usingeijua." Kisha akaona tunavyomtazama. "Nasikia," akasema.

Mkewe, macho yamemkazia, alikunja kibua kimoja kwenye gazeti, polepole, akakitia kikapuni.

Ndipo bi mkubwa akageukia dirisha langu na kuniita, "Mwanangu, hebu njoo."

Nikatoka na leso yangu. Nilimwamkia kila aliyenizidi umri, shikamoo baada ya shikamoo, nikipoteza wakati. Mzee mmoja akauliza kama ushahidi wangu unafaa, mimi si Mwislamu. Maalimu akasema katika maradhi huulizwa daktari na katika mashine huulizwa fundi, wala hatuwaulizi dini zao. Basi nikawa fundi. Miaka kumi na moja ya kazi, hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na siku yenyewe ilikuwa hiyo.

Nikaomba bilauri. Kama ni kazi, na ifanywe vizuri. Niliinua maji juani, nikayazungusha, nikayanusa, nikanywa funda moja nikalizungusha kinywani. Watu zaidi ya thelathini walitazama koo langu. Na hapo ndipo muuza samaki alipoona haya yangu na kuyadhania ujinga, akasema, "Tema, unywe tena. La kwanza halihesabiki."

"Wewe si umesikia tu?" nikamwuliza.

Akarudi nyuma. Nikanywa tena. Naapa kwamba nilionja kwa haki. Nilitafuta shayiri, nilitafuta uchungu, nilitafuta hata ule ukiwa wa Kofia Buluu ninaoujua kuliko mtu yeyote Kwale nzima. Yalikuwa maji ya bi mkubwa, yale yale niliyoyanywa miaka sita, na chumvi kidogo mwishoni.

"Ni maji," nikasema. "Ni maji matupu."

Maalimu akahimidi, wanawake wakapiga vigelegele, na moto ukachochewa. Sijawahi kupata sifa kama zile. Niliketi mlangoni kwangu nikimenya vitunguu, machozi yananitoka, na hakuna aliyeshangaa kwa sababu ya vitunguu.

Alasiri, watu walipokuwa wamekwenda na masufuria madrasani, nilimfuata bi mkubwa jikoni nikiwa nimekwisha kufunga begi langu. Nilitaka niseme mwenyewe kabla sijaambiwa.

"Bi mkubwa, ile chupa..."

Aliinama akatoa kitu nyuma ya pipa la maji. Ulikuwa mfuko wangu wa vitunguu, una chupa tatu nzima, zimefutwa kwa kitambaa. Mshipi ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa lile fundo dogo, zuri.

"Kila alfajiri nikiteka maji ya kutawadhia," akasema, "nauvuta pembeni, ndoo isiuguse. Wewe hujui kufunga. Mara mbili mfuko ulikaribia kuanguka. Leo wameteka wageni kabla yangu."

"Miezi yote hii?"

"Nilikuwa ninangoja uniambie."

Nilipiga magoti pale pale kwenye majivu. Kwetu hatupigi magoti ovyo. Nikamwambia nitahama leo leo.

"Uhamie wapi? Inuka, unachafua leso." Kisha akasema kilichokuwa kikimuuma. "Lakini nimemsingizia mnyama wa watu. Siku ya Maulidi, mbele ya maalimu. Hilo litanikaa."

Adhabu yangu aliipanga hapo hapo. Bia nisiisogeze tena uani, juu wala chini. Na kila asubuhi niwapelekee tumbili ndizi kule nyuma ya ua, penye mkorosho, mpaka yeye aone kwamba deni la yule mnyama limekwisha. Sikucheka. Nilikwenda kila siku na kichane changu, nikasema samahani kwa sauti, kwa kuwa alikuwa akisikiliza.

Lakini halikwisha. Bi mkubwa aliacha kukaa barazani na wenzake. Akisikia mtu anasimulia habari ya tumbili wa kisimani, na mtaa mzima ulikuwa unaisimulia, alijitia kutafuta kitu ndani. Baada ya swala alikaa kwenye mkeka muda mrefu kuliko desturi yake. Nilijua anaombea nini, na ilinichoma kuliko ningefukuzwa.

Wiki ya tatu, Jumatano, nilikuwa nimeketi penye mkorosho, nje ya ua kabisa, nimepima kwa hatua. Nilikuwa nikiimalizia ya mwisho kati ya zile chupa tatu za Kofia Buluu alizonirudishia bi mkubwa, moto kama wanavyoinywa wakata miwa, kwa sababu kitu cha bure hakitupwi. Tumbili wangu alikuja kwa ndizi zake. Hakukuwa na ndizi. Alikwisha kula za asubuhi. Akatazama mkono wangu, akanyakua chupa, akaruka ua.

Nilimkimbilia nikipiga kelele. Alikuwa ameketi juu ya ukingo wa kisima, ameshika chupa kwa mikono miwili. Alionja. Alikunja uso, nami nilimwelewa kabisa. Akaionja tena kuhakikisha, kisha akanyoosha mkono na kuiachia kisimani.

Bi mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameona yote, kuanzia mwanzo hadi mshindo wa majini. Alijishika kifua kwa mikono miwili.

"Alhamdulillahi," akasema, na machozi yakamtoka. "Alhamdulillahi. Si nilisema? Si nilisema ni tumbili?"

"Ulisema, bi mkubwa."

"Kimbia kamwite maalimu. Na yule muuza samaki, na mkewe. Waje wote." Akajifuta uso kwa ncha ya buibui, na kwa mara ya kwanza tangu Maulidi akaketi barazani. "Na wewe, ukirudi, ulete bilauri."